Mama Kimoja na Vyungu vya Dirishani

Mhudumu wetu wa usafi, tunayemwita Mama Kimoja, anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika hospitali hii. Karani alitaka aandike yeye wasifu huu. Nikamwambia hapana. Karani ana miaka sita hapa. Mimi, fundi wa boila, nina thelathini na nane, wamejaribu kunistaafisha mara mbili na mara mbili wamenirudisha, kwa kuwa boila hii haimsikilizi mtu mwingine. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa penseli, siku nne. Karani kazi yake kupiga chapa, na nimemkanya asinyooshe hata neno moja.

Jina la Mama Kimoja limetokana na kitambaa. Kwake yeye ni chumba kimoja, kitambaa kimoja. Akitoka chumbani kitambaa kinaingia kwenye ndoo ya dawa, anachukua kingine. Daktari mmoja wa upasuaji aliwahi kuokota kitambaa cha korido akafutia meza yake. Mama Kimoja alisimama mlangoni na sabuni mkononi mpaka daktari akanawa. Bwana mkubwa yule alinawa kama mtoto aliyetoka kuchezea matope.

Mwaka wa maradhi ya kuhara, wodi zote ziliambukizana isipokuwa mbili. Hizo mbili zilikuwa zake. Akaandikiwa barua ya sifa. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza ya chai uliokuwa ukiyumba. Mpaka leo meza ile haiyumbi.

Mimi nilikuwa namcheka kwa vitambaa vyake. Nilisema mtu mwenye akili anatosheka na kimoja. Sasa nifike nilipotaka kufika.

Kwa wageni wa hapa niseme kwamba kila anayestaafu hospitali hii huacha chungu kimoja cha mmea kwenye dirisha refu la korido, juu ya chumba changu cha boila. Tunaacha ile mimea ya majani manene, inayojiwekea maji yenyewe, kwa sababu aliyeondoka hawezi kurudi kumwagilia. Vilikuwa ishirini na tano. Cha saba kutoka kushoto ni cha marehemu mke wangu, aliyekuwa dobi hapa miaka ishirini na miwili, na Mama Kimoja akimwita dada. Alikiacha dirishani siku aliyostaafu, na mwaka haukwisha vizuri akatutoka. Kaburi lake liko mbali. Chungu kiko ngazi kumi na moja kutoka nilipo.

Mwishoni kabisa, upande wa kulia, Mama Kimoja alikuwa na kopo la siagi. Alianza na jani lililodondoka, akalilea miaka tisa mpaka likawa mti mdogo, akiungojea mwezi huu ndio auhamishie chunguni na kukiacha kiwe chake.

Mwaka jana, kiangazi, alichukua likizo ya wiki tatu kwenda kumuuguza ndugu yake. Aliniachia ufunguo wa korido, akaniambia nifungue dirisha asubuhi, basi, nisiguse kitu kingine. Mimi si mtu wa kuambiwa nisiguse. Niliona vumbi kwenye majani, nikatoa kitambaa changu cha mfuko wa nyuma, nikafuta vyote kuanzia kushoto kwenda kulia, kitambaa kilekile, kila Jumatatu. Viling'aa. Nikawaita wauguzi waje waone.

Aliporudi, salamu hazikuisha. Aliinama dirishani. Majani yalikuwa na vidoa vyeupe kama yamechomwa sindano, mengine yameparara yakashika rangi ya kutu, na katikati ya majani kuna utando mwembamba kuliko wa buibui. Akaomba karatasi nyeupe, akagonga jani juu yake. Likadondoka vumbi. Nikasema si nilijua, vumbi tu hilo. Akanipa miwani yake. Vumbi lile lilikuwa linatembea.

Ni utitiri. Vijidudu vyekundu, vidogo kuliko ncha ya penseli hii, vinafyonza utomvu kwa chini ya jani, na vinapenda joto kavu kama la juu ya boila yangu. Akauliza nani alifuta mimea. Nikasema sijui. Mtu mzima na mvi zangu, nikasema sijui.

Mganga mkuu aliposikia akaamuru vyungu vyote vitupwe, korido ile ni ya wagonjwa. Nikakikumbuka chungu cha saba. Mama Kimoja alikwenda ofisini kwake na karatasi ile. Sijui alisema nini, ila alitoka na wiki nne za kuiponya mimea.

Tulihamishia vyungu stoo ya mashuka ya zamani, kila kimoja mbali na mwenzake. Udongo tuliufunga na plastiki, kwa maana mimea hii maji yakikaa mizizini inaoza. Tukaiosha bombani, juu na chini ya jani. Halafu maji ya sabuni, mepesi, yakijaribiwa kwanza kwenye jani moja, kwa sababu ule unga mweupe juu ya majani ndio nguo yao. Na vitambaa vilikuwa ishirini na sita, kila kimoja kimeandikwa namba. Nilivihesabu mwenyewe.

Mara ya kwanza tu majani yakawa safi, nikasema tumemaliza. Akasema mayai bado hayajapata habari. Ikawa kila siku ya tano, tena na tena. Mimi nikalifunika bomba la mvuke linalopita chini ya korido, tabaka mbili, joto likapungua. Hilo hakuna mwingine angeliweza, na nataka liandikwe.

Wiki ya nne vitatu vilikuwa vimeshindikana. Mkusanya vijidudu kwa kitambaa kimoja huvipeleka anakomalizia, na mimi kila Jumatatu nilimalizia kwenye kopo la siagi. Alikuja nalo mwenyewe chumbani kwangu, amelifunika, akasimama mbele ya tanuri la boila.

"Fungua, shemeji," akasema. "Cha dada kimepona. Hiki changu ndicho cha kuchoma."

Nikafungua. Miaka tisa iliungua kwa muda wa kuvua kofia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Sasa nasema, mbele ya wafanyakazi wote na kwa maandishi: ni mimi niliyefuta, kwa kitambaa kimoja. Mama Kimoja, nisamehe.

Ameshatuambia anaondoka bila kuacha chungu, maana muda wa kulea kingine hakuna. Hapo hajui. Siku ile ile niliokota jani kwenye chungu cha mke wangu, nikalilaza juu ya mchanga kwenye rafu ya mbali na boila. Lina miezi kumi na mbili. Lina mizizi, lina majani tisa, na kila wiki naligonga juu ya karatasi nyeupe. Hakuna kinachotembea. Ijumaa asubuhi litakuwa chunguni, mwisho wa dirisha upande wa kulia, na kitambaa chake pembeni, ambacho hakijawahi kugusa kitu kingine.

Kwa niaba ya wodi zote, jiko, ofisi na boila, ahsante kwa miaka thelathini na moja. Nenda nyumbani salama, Mungu akupe afya na viti vya kukalia, maana hapa hukukaa. Dirisha nitalifungua kila asubuhi. Kingine sitagusa.