Maji ya Kwanza ya Mama Ziada

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Anaeli wa Makanya, tuliyemzika Jumamosi. Wengi hatukulijua hata hilo jina. Tulimwita Mama Ziada.

Alizaliwa juu milimani, kwenye chemchemi. Akaolewa huku tambarare na Melkizedeki, mchimbaji wa jasi. Akakuta maji ya kisima yana chumvi. "Nililia kwa ajili ya chai tu," aliwahi kuniambia, akicheka. Chai ya chumvi, jamani!

Mwaka 1986 serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara. Mabati, ambayo kabla ya hapo tuliyapata kwa kibali na kwa kujuana, yakaonekana tena madukani Same. Melkizedeki akajikaza, akanunua, akaezua nyasi, akaezeka bati. Akafunga mfereji ukingoni mwa paa, chini yake pipa. Wakangoja vuli.

Mvua ikaja mwezi wa kumi na moja. Nyumba nzima ikatoka nje kushangilia. Anaeli akakinga kikombe cha kwanza kabisa, akampa binti yake Ziada, wa miaka mitano. Cha kwanza kwa mtoto, kwa mapenzi. Hakuchemsha. Nani wakati ule alichemsha maji ya mvua? Sote tuliamini yametoka mbinguni, ni safi. Tulisahau yamepita kwenye bati lenye vumbi la miezi na kinyesi cha ndege.

Kesho yake Ziada akaanza kuhara. Zahanati dawa zimekwisha. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tatu wakapata lifti ya lori la jasi kwenda Same. Mtoto hakufika.

Nasema, na nitarudia: maji ya kwanza huosha bati. Yaacheni yapite. Yanayofuata ndiyo mkinge, mchuje kwa kitambaa safi, mchemshe yatokote, mfunike. Maji ya kwanza, yaacheni yapite. Muuguzi alimweleza Anaeli hayo baada ya msiba. Baada!

Tangu hapo, kila mvua ya kwanza alipita nyumba kwa nyumba, amelowa chapachapa, akimwaga ndoo za watu. Mzee Abdulmalik, mwenye duka, anasimulia: "Alinimwagia ndoo mbili. Na kiu ile! Nilimtukana mpaka maneno yakaniishia. Akaniambia, 'Nitukane tu, baba, lakini wajukuu wasubiri kidogo.'"

Mimi pia alinimwagia. Nilinuna wiki nzima. Leo natamani aje tena na kanga yake iliyolowa, anigombeze mbele za watu. Natamani kweli, sifichi.

Baadaye alijaliwa watoto watatu. Watu wakaanza kumwita Mama Hezroni, kwa jina la mwanawe wa kiume. Hakuitika. Hezroni anasema ilimuuma sana. Siku moja akamuuliza, "Mama, kwani mimi si mwanao?"

Mama akamjibu, "Wewe unatembea, watu wanakuona. Mwenzio amebaki na jina tu. Wakiacha kuniita kwa jina lake, atabaki na nini?"

Mzee Melkizedeki, shikamoo, na pole sana. Hezroni na wadogo zako, poleni. Mungu awatie nguvu. Nasi wengine tujiulize ni watoto wangapi Makanya wamekua kwa sababu ya mama huyu mmoja.

Mkipita makaburini, msalaba wake mtauona. Hezroni ameupaka rangi mwenyewe, na maandishi ni ya mkono wake. Ameandika: Mama Ziada. Lisomeni kwa sauti.