Ubeti wa Tatu wa Mwalimu Ghatas

Sogeeni karibu, wanangu, walio nje ya ua waingie, kina mama watulizeni watoto, na mwenye kilio akishike kidogo, maana mimi Fahima, dada wa marehemu, nimejifunza kusoma nikiwa na miaka sitini, nikikatizwa sitajua nilipofika.

Kaka yangu Ghatas Bishara alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 hapa hapa Nazlat Hanin, mkoa wa Minya, mtoto wa kwanza wa mzee Bishara na mama yetu Matilda, nikafuata mimi, kisha Lamii, kitinda mimba wetu.

Alisoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1950 hadi 1956, baba akamtoa kwa kuhitaji mikono shambani, baadaye akawa fundi wa matenga ya makuti ya mtende, akibana kazi kwa vidole vya miguu, mikono ikisuka na mdomo ukitunga nyimbo. Mwaka 1967 alitunga “Fungua Kiganja”, wimbo wa msamaha mnaoujua wote, ambao ubeti wake wa tatu unasema, “Aliyeniumiza, Bwana, leo namwachilia.” Baba alimcheka, “Wewe nani kakuumiza, zaidi ya mbu?”

Tarehe 9 Agosti 1969 Lamii aligombana na jirani yetu Tawfik Wahba juu ya zamu ya maji, Tawfik akampiga jembe la kichwa, akafia pale pale mferejini, miaka ishirini tu. Tawfik alifungwa, lakini mama alisema, “Kiti hakitoki nje, kahawa haipikwi, hatupokei pole ya mtu mpaka damu ijibiwe kwa damu,” na ndivyo ilivyo desturi yetu.

Jumapili iliyofuata Ghatas, mwalimu wetu wa nyimbo kanisani, aliongoza wimbo wake, akafika ubeti wa tatu, akafumba mdomo. Kanisa zima likanyamaza naye kwa kumheshimu, matari yakaendelea peke yake, tukaingia ubeti wa nne, na ikawa hivyo kila Jumapili. Waimbaji wa vijiji vingine wakajifunza wimbo pamoja na kimya chake, wakaufikisha hadi Asyut, wageni wakija wanamwambia, “Mwalimu, kile kimya kina upako!” Akirudi nyumbani ananiambia, “Fahima, wanasifia donda langu.”

Alifunga ndoa na Narjis tarehe 21 Novemba 1971, harusi isiyo na kigelegele kwa sababu ya mama, wakajaliwa Bahiga, Yusri na Ifraim.

Mwaka 1984 Tawfik alitoka gerezani, akaja mlangoni kwetu peku, sanda yake mwenyewe ameilaza mikononi, maana muuaji huja hivyo, asamehewe au azikwe. Mama alikuwa nyuma ya mlango, “Ghatas, ukifungua, usiniite mama tena.” Hakufungua. Tawfik alisimama hadi adhuhuri, akarudi na sanda yake. Mama alifariki mwaka 1991, na kaka yangu bado hakufungua.

Mwezi Septemba 2009 alipatikana na uvimbe kooni, daktari akamwambia kwamba upasuaji utamwachia uhai, sauti hapana. Ilibaki Jumapili moja tu, tarehe 11 Oktoba. Aliongoza “Fungua Kiganja”, tulipofika ubeti wa tatu sote tukanyamaza kama kawaida, na yeye akaimba, peke yake, sauti inakwaruza.

Mzee Shafik akamnong'oneza kwa nguvu, “Mwalimu, umepotea! Hapa huwa kimya!”

Upande wetu wa wanawake Olfat akacheka, “Mwacheni, uzee huo.”

Ghatas akasema, “Sijapotea, Shafik. Hapa hapakuwahi kuwa na kimya. Ni mimi tu nilikuwa sijamsamehe Tawfik.”

Tawfik alikuwa benchi la mwisho, akatoka. Tulidhani amekasirika, kumbe ameenda kuvua viatu. Alikuja na ile sanda, imeshakuwa ya njano, Ghatas akaipokea, akambusu kichwani. Jioni ile tulitoa viti nje, tukapika kahawa isiyo na sukari, tukapokea pole za Lamii, miaka arobaini imepita.

Sauti iliondoka tarehe 13 Oktoba. Makanisa mengine mpaka leo hunyamaza kwenye ubeti ule, na yeye hakuweza tena kuwasahihisha. Uvimbe ulirudi mwaka jana, akafariki nyumbani kwake tarehe 6 Februari 2013, alfajiri, Narjis amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa matenga, waimbaji, na majirani, hasa wana wa Tawfik waliobeba jeneza leo. Lala kwa amani, kaka yangu, umechoka.

Narjis amebaki na nyumba. Bahiga amepata daftari la nyimbo, Yusri visu vya kazi, Ifraim minazi— hapana, nimesoma vibaya, mitende sita ya ng'ambo ya mfereji. Damu ya Lamii, ambayo kwetu mtoto wa kiume huirithi kabla ya shamba, hakumwachia yeyote.