Bunduki Mbili za Gudveig na Sverre

Ndugu waombolezaji, marehemu Gudveig Tveiten alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 katika shamba la Brattås, bonde la Numedal, akiwa mtoto wa pekee wa mzee Aslak na mama Birgit, akasoma shule ya hapa kijijini, kisha ufundi wa vyuma mjini Kongsberg hadi mwaka 1967, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kuuliza kwa nini.

Wa kwanza kuuonja ugonjwa huo alikuwa baba yake, ambaye kila jioni aliisafisha bunduki yake ya risasi ndogo kwa ufito wa chuma, akiuingiza kwenye mdomo wa mtutu kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na bunduki ilipoanza kutawanya risasi akakilaumu kiwanda, hadi Gudveig alipokuja likizo, akaukagua ule mdomo kwa lenzi, akauona umelika upande mmoja, akasema, "Baba, hii bunduki umeiua wewe na ufito wako," mzee akanuna mpaka Krismasi, kisha akamkabidhi bunduki zote za nyumba.

Aprili 1970 aliajiriwa karakana ya bunduki Kongsberg, na jioni akawa fundi wa klabu yetu ya ski, yaani kuteleza kwenye theluji, na shabaha, ambako hakuna kijana aliyethubutu kuingiza ufito isipokuwa kwa nyuma, panapoingia risasi.

Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa na Sverre, mpiga shabaha wa klabu, wakajaliwa binti mmoja, Ragnfrid, na ugomvi mmoja, kwani Sverre aliamini mtutu usiposafishwa kila siku ni aibu ya nyumba nzima, naye Gudveig alishikilia kuwa mtutu wa risasi ndogo hupenda kubaki na nta kidogo inayoachwa na risasi, ukisuguliwa sana hupiga ovyo mpaka uzoee tena, basi mwaka 1991 wakanunua bunduki mbili zinazofanana kama mapacha, moja isafishwe kila jioni, nyingine isisafishwe mpaka ianze kutawanya risasi, na sharti likawa mtu asiguse ya mwenzake.

Mwaka mmoja ilishinda ya Sverre, mwaka mwingine ya Gudveig, na tulipomuuliza nani yuko sahihi alicheka, akasema, "Sijui bado, msiniharibie raha."

Agosti 2022 aligundulika ana saratani ya kongosho, akatibiwa, akarudi nyumbani, na asubuhi ya tarehe 11 Februari 2023 akaomba aletewe bunduki yake, haina risasi, komeo la nyuma ya mtutu limetolewa, akauelekeza mtutu dirishani kwenye mwanga wa theluji, akachungulia kwa muda mrefu, akasema, "Bado," akalala, na mchana huo akafariki, nasi tuna uchungu mwingi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji njiani na kutuletea uji wa krimu, na wenzake wa karakana na wa klabu.

Leo asubuhi Ragnfrid alimkuta baba yake mezani, bunduki ya mkewe mbele yake, ufito na kitambaa mkononi, hamu ya miaka yote hiyo na hakuna tena wa kumkataza, mzee akachungulia mtutu, akakirudisha kitambaa koponi, akasema, "Hapana, mwenyewe kasema bado."

Pumzika kwa amani, Gudveig, bunduki yako haijaguswa.