Afande Mugume na Wageni Waliokatazwa Kushika Kazi

Bwera, Jumanne, 10 Juni 2025. Mwalimu mkuu amenichagua mimi, Immy wa kidato cha nne, kumuaga Afande Mugume kwa niaba ya shule. Naahidi kusema yote, hata habari ya mwalimu wetu wa hesabu ambayo wenzangu wameniomba niiruke.

Ijumaa hii Afande anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kukagua pasi hapa mpakani mwa Uganda na Kongo. Sheria aliyoipenda kuliko zote ni hii: aliyeingia kwa pasi ya matembezi atembee, asifanye kazi bila kibali.

Aliitumikia popote. Tulipomzika babu kule Mahango, wakwe zetu walivuka kutoka Kongo kuja kulia nasi. Kwetu mgeni wa msiba hakai bure, kwa hiyo walikaa kumenya matoke. Afande, aliyekuja kutoa pole, akadai pasi zao.

“Hii ni ya kutembea! Weka kisu chini!”

“Sawa, afande,” shangazi Loyi akamwambia. “Wewe ni mwenyeji. Menya.”

Alimenya mpaka saa kumi, nasi tulikula tukitema maganda.

Mwaka jana wageni kutoka Ulaya walipaka rangi darasa letu siku tisa, kwa pasi ileile. Afande alikuja, akapiga nao picha. Alitueleza kwamba ile si kazi, ni upendo. Tulimwamini, maana rangi ilibanduka kabla ya mvua ya kwanza.

Februari alimkuta Madamu Kavira, aliyetoka Beni kule Kongo, akitufundisha hesabu. Hiyo ilikuwa kazi.

“Afande, hawa batoto beko na mutihani,” Madamu alimsihi.

“Mutihani iko yao. Kibali iko yako.”

Sheria ni sheria, sikatai. Wiki hiyohiyo shule ilimwombea Madamu kibali. Faili lina picha, barua na vyeti. Linangoja saini ya Afande tu ili liende Kampala. Tangu hapo tunafundishana wenyewe, na jibu tunalipigia kura. Mtihani ni Oktoba.

Tunamshukuru Afande kwa kutokula rushwa hata siku moja. Tunamwombea afya, na mpunga wenye masuke mazito huko Mubuku, ambako atalima bila kuulizwa kibali.

Lakini, Afande, naomba unijibu kabla hujakabidhi funguo, hata kwa kikaratasi: faili la Madamu Kavira utalitia saini mwenyewe, au umemwachia nani?