Kumchagulia Mokeira Wakala

Benchi la Abner lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda chake cha kushonea viatu, ng'ambo ya uwanja wa malori mjini Kisii. Mwaka ule wa sabini na moja, aliyetaka kujua jambo kabla halijatokea alikuja kukaa hapo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba ya mteremkoni, na Mzee Marjan, Mnubi muuza kahawa, alikuwa ametua birika lake na jiko lake la makaa. Abner mwenyewe alikuwa Msabato, na kanisa lake halitaki kahawa wala chai, kwa hiyo alikunywa maji matupu ya moto katika kikombe sawa na cha wenzake, akiyapuliza kama wao. Ndiyo maana wakamwita Maji-Moto. Kando yake alikaa Ombui, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Kisha Zachariah muuza sufuria, aitwaye Bei-Moja, ingawa hakuna aliyewahi kununua kwake kwa bei aliyoitaja mwanzo. Kisha Jethro wa Kiogoro, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Mwisho kabisa wa ubao, nusu yake ikiwa hewani, alikaa Mokeira, binti wa marehemu kaka yake Jethro.

Mokeira alikuwa amejifunza kupiga chapa kwa masista, na alipiga bila kutazama vidole. Mwaka uliopita wakala mmoja alimpeleka Nakuru kwa kazi ya ofisi. Alipofika, ofisi ilikuwa jikoni kwa mtu, na alichopewa ni beseni la nguo za watoto. Kule kanisani mama yake alikuwa ameshawaambia watu kwamba binti yake ni karani. Aliporudi, mama alibadilisha kiti cha kukalia ibadani, akahamia nyuma. Mokeira hakutaka kumhamisha tena.

Sasa mawakala walikuwa wawili. Machogu alipeleka watu kwenye mashamba ya chai Kericho, na lori lake, lililokuwa pale ng'ambo, lingeondoka likijaa. Nehemiah alikuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, na watu wake waliambiwa wangepelekwa Nairobi. Kila mmoja alimkataa mtu aliyeonekana kwa mwenzake. Ilibidi Mokeira achague kabla lori halijajaa, na kwao binti hachagui jambo kama hilo bila baba mdogo.

— Wazee wangu, — alianza Jethro, — mtoto ndiye huyu. Tumchagulie wakala.

— Machogu ni wa wapi? — aliuliza Bei-Moja.

— Bobasi.

— Bobasi kwa nani?

— Ni mdogo wa baba mkwe wangu. Tumbo moja.

Bei-Moja aliweka kikombe chini.

— Kwani tunaongea nini basi? Maneno yamekwisha. Mkweo atakudanganyaje?

— Hawezi, — alikubali Jethro.

— Hawezi, — alisema Redio, — lakini akiweza je? Wewe ukimwona Machogu barabarani unafanya nini?

— Navuka ng'ambo. Ni heshima.

— Ukikutana naye mlangoni?

— Narudi nyuma.

— Sasa siku mtoto akirudi analia, utamuuliza huyo mkweo ukiwa wapi? Utapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara?

Jethro alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Ndiyo nasema ni Nehemiah, — alisema Maji-Moto, akichomoa msumari mdomoni. — Ni Msabato mwenzangu. Msabato hakukimbii. Ukimkosa wiki nzima, Jumamosi utamkuta kanisani, mstari wa mbele, amevaa tai.

— Hiyo ni kweli, — alisema Jethro. — Mtu anayepatikana.

— Na ukishampata utamwambia nini? — Redio alimgeukia Maji-Moto. — Unaweza kuulizia mambo ya kazi siku ya Sabato?

— Sabato? Hapana. Hiyo ni dhambi.

— Jumapili je?

— Jumapili hayuko. Ameenda Nairobi.

— Maji-Moto, umesikia ulichosema?

— Nimesikia. Lakini anapatikana!

Mokeira alikuwa amehesabu vichwa kwenye lori, akapoteza hesabu, akaanza tena. Akasogea ubaoni kidogo.

— Baba mdogo, mimi nilitaka kuuliza hiyo kazi yenyewe...

— Ngoja, mama, — Jethro alimwambia kwa upole. — Kwanza mtu, halafu kazi. Wazee wanafanya kazi yako hapa.

— Wacha nikwambie, Jethro, — alisema Bei-Moja. — Kama mkwe hafokewi, naye mtu wa kanisa haulizwi, chukua mgeni. Mgeni unamfokea mpaka mishipa itoke shingoni, na hakuna mzee atakayekutoza faini ya mbuzi.

— Mwaka jana tulichukua mgeni. Yule wa miwani.

— Mkamfokea?

— Tungemfokea. Hatukumwona tena.

Mzee Marjan alicheka taratibu, akamjazia kila mtu kikombe. Maji-Moto alijaziwa maji. Akachukua nyundo, akaanza kugonga soli.

— Nyinyi mnatazama watu juu, — alisema Maji-Moto hatimaye, bila kuinua macho. — Mimi nawatazama chini. Viatu vya wote wawili vimepita hapa. Soli ya Nehemiah imeisha kisigino. Ya Machogu imeisha mbele.

— Maana yake?

— Anayeisha kisigino ni mtu wa kukaa na kuegemea. Anayeisha mbele ni mtu wa kukimbia.

— Kukimbia kwenda wapi?

— Soli haisemi, bwana. Soli inasema tu anakimbia.

— Mimi nitawaambia dawa, — alisema Redio, akasimama kabisa, jambo alilofanya tu kwa taarifa kubwa. — Wakala ni nani? Ni esigani! Zamani ukitaka kuoza binti, ulimtuma nani? Esigani, mshenga. Anaingia kwa hawa, anauliza: kuna wazimu? Kuna wachawi? Anaingia kwa wale, anauliza hayohayo. Sasa hawa mawakala nani amewachunguza? Tumtafutie Mokeira esigani, aende kwa Machogu na kwa Nehemiah, atuletee habari zote.

— Hayo ndiyo maneno! — alisema Bei-Moja.

— Na huyo esigani, — aliuliza Jethro polepole, — tutajuaje kama naye si mwongo?

Redio alifikiri kidogo tu.

— Tutatuma esigani mwingine amchunguze yeye.

— Na huyo mwingine?

— Jethro, usiwe mgumu. Tukifika watatu tutakuwa tumeshajua.

— Wakifika watatu, chai ya Kericho itakuwa imezeeka shambani, — alisema Maji-Moto.

Ng'ambo, utingo alipiga ubavu wa lori kwa kiganja. — Kericho! Wawili tu! Wawili! — Mokeira alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Wakati huo mama mmoja alivuka kutoka kituo cha basi, amevaa sweta nzito na viatu vyenye udongo mwekundu. Akasalimu kwa heshima, akaomba kahawa, akabaki amesimama.

— Mimi naitwa Drusilla, natoka Ekerenyo. Nina duka la mabati na misumari. Wazee, nimeambiwa hapa mnawajua mawakala. Natafuta mtu. Nimpe nani kazi ya kunitafutia, Machogu ama Nehemiah?

Benchi lilifurahi kana kwamba limeletewa nyama.

— Mama, wewe una mkwe Bobasi? — aliuliza Bei-Moja.

— Mimi? Sina.

— Basi Machogu anakufaa! Utamfokea!

— Nehemiah anapatikana, — alisema Maji-Moto.

— Mama, kwanza nikueleze habari ya esigani, — alisema Redio, ambaye hakuwa ameketi bado.

Wakaanza upya, sasa kwa sauti ya juu, soli na mkwe na Sabato vikapita juu ya kichwa cha mama huyo. Drusilla alikunywa kahawa yake mpaka katikati. Macho yake yakafika mwisho wa ubao.

— Na huyu msichana ni wa nani?

— Ni wangu, — alisema Jethro. — Wa marehemu kaka yangu. Naye anatafuta kazi.

— Anajua kazi gani?

— Amesoma.

— Amesoma nini?

Jethro alimtazama Bei-Moja. Bei-Moja alimtazama Redio. Redio, aliyekuwa na habari za Bobasi yote, alitazama ndani ya kikombe chake. Nyundo ya Maji-Moto ilisimama hewani.

Mokeira alisubiri. Swali lilikuwa limeelekezwa kwa baba mdogo, na kumkatiza mzee mbele ya mgeni si adabu. Ng'ambo, injini ya lori iliwashwa, na utingo akapaza sauti: — Mmoja tu! Kericho, mmoja!

Jethro aligeuka.

— Mokeira, ni Machogu huyo anaondoka. Mkwe ni mkwe. Kimbia, mama!

Mokeira alisimama, lakini hakukimbia. Alimgeukia Drusilla.

— Najua kupiga chapa, mama. Na hati mkato. Wewe unatafuta mtu wa kufanya nini?

— Wa kuniandikia barua za duka. Nina mashine niliyonunua, hakuna anayeijua.

— Ni mashine ya aina gani?

— Nyeusi, — alisema Drusilla, akafikiri. — Nzito.

— Iko wapi sasa?

— Hapo nyuma ya soko, kwa fundi. Anaisafisha.

— Nikiandika vizuri, nitafanyia kazi dukani ama nyumbani kwako?

— Dukani. Nyumbani nina mtu wangu.

— Nguo za watoto anafua nani?

Drusilla alimtazama kwa makini, hakucheka.

— Huyohuyo wa nyumbani. Wewe hutagusa.

Lori lilijongea, likapinda kwenye kona ya juu, likaacha moshi uwanjani. Mokeira aliutazama moshi huo mpaka ukaisha.

— Basi nionyeshe mashine, mama. Nijaribu kwanza, nawe uone.

Drusilla alirudisha kikombe kwa Mzee Marjan, naye Mzee Marjan akainamisha birika kutazama kilichobaki. Hakikubaki kitu. Wanawake wawili walishika njia ya soko, mmoja akieleza, mwingine akiuliza tena.

— Mimi bado nasema Nehemiah, — alisema Maji-Moto.

— Na mama wa mabati tumpe Machogu, — alisema Bei-Moja. — Kila mtu na wake.

Jethro aliinuka nusu, kofia mkononi, akaita kwa nguvu:

— Mokeira! Usiende mbali! Hatujamaliza kukuchagulia!