Mashua ya Daudi Ilipokunywa Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nami namsifu, ingawa leo sauti yangu si kubwa. Wengi wenu mnanifahamu kwa kazi yangu ya kutengeneza pampu za maji. Mnaniita Baba Daudi, na nawashukuru kwamba hamkuniondolea jina hilo hata baada ya kumzika Daudi mwenyewe.

Mimi na mke wangu ni watu wa Kiwangwa, watu wa mananasi na mihogo. Bahari tuliiona tulipokuja mjini kwa shughuli, tukaipa mgongo tukirudi. Aliyeipenda ni mtoto wetu wa pekee. Alianza kwa kubeba samaki hapa Bagamoyo, akafanya kazi kwenye vyombo vya watu, mwisho akapata mashua yake mwenyewe, ya mbao, ya tanga moja. Ubavuni akaandika KIWANGWA kwa rangi nyekundu. Wavuvi wenzake wakaiita Nanasi. Alipokuja nyumbani kutusimulia alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mama yake, "Maji makubwa yajayo, bahari ikijaa, nakupandisha, mama. Utakaa mbele kama bibi harusi."

Homa ikamkamata kabla ya maji hayo. Hakurudi kutoka hospitali.

Hivyo ndivyo tulivyopata chombo, ndugu zangu. Mtoto ndiye anayepaswa kurithi kwa wazazi. Sisi tulirithi kwa mtoto.

Tukahamia kwenye chumba chake karibu na ufuko ili tuitunze mashua. Mimi sikusoma sana. Nilichojua nimekipata kwa kufungua vitu na kuvitazama, na kwa vitabu vilivyopita mkononi mwangu. Kuhusu mbao nilijua jambo moja: adui yake ni maji. Ghala la mahindi kwetu tunaliinua juu ya nguzo, tunalikinga na mvua, tunaacha upepo upite chini. Nikaifanyia mashua vivyo hivyo. Niliiweka juu ya magogo, nikaifunika kwa turubai, nikachimba mfereji kuizunguka. Mke wangu aliifuta kila asubuhi kwa kanga kavu. Majirani walipita, wakasema pole, wakaenda zao.

Mke wangu hakulia msibani, wala baada ya msiba. Aliacha kuimba kwaya. Hakula mpaka nimwekee chakula mkononi. Hapa kanisani mimi nilikuwa nikikaa kwenye benchi lile pale nyuma, nikifumbua mdomo nyimbo zilipoimbwa, na ndani mwangu hamna kitu. Kuomba nilishindwa kabisa. Mara nyingi nilimkuta ameegemeza shavu kwenye mbao za mashua, akinong'ona. Niliogopa, ndugu zangu! Nilijua kwamba siku tukiipoteza mashua ile, nitampoteza na yeye.

Kisha nikaanza kuona mwanga wa jua ukipenya kati ya ubao na ubao. Nilichunguza, sikuelewa. Mvua haikuigusa, mchwa hawakuwapo, na bado ilikuwa inaachana. Nikamwambia mke wangu, "Tuishushe majini kabla haijaharibika zaidi. Tuitembeze kama alivyotaka." Akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kwanza kulikubali tangu mazishi. Alivaa kanga mpya, akakaa mbele.

Watu walitusaidia kusukuma. Maji yalipofika kifuani mwangu, mashua ilianza kuvuja. Haikuwa tundu moja. Ilivuja kwenye kila mshono, kulia na kushoto, kama kikapu! Ikajaa mpaka kwenye ukingo, ikazama ikakaa mchangani. Mke wangu aliukumbatia ukingo ule, akaita, "Daudi! Daudi!" Wimbi lilimfunika, naye hakuachia. Nilimvuta nikashindwa. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Yesu, usinichukulie wote wawili!"

Ndugu zangu, hilo ndilo ombi langu la kwanza tangu tulipomzika mtoto wetu, na Bwana alilijibu kwa mkono wa jirani. Bi Mwanahawa, mama wa Kiislamu anayekaanga samaki pale ufukoni, aliingia majini na nguo zake zote, akamshika mke wangu kiunoni. Kwa pamoja tukamtoa.

Wanaume wakataka kuivuta mashua. Bi Mwanahawa akapiga kelele, "Iacheni hapo hapo! Asiiguse mtu!" Kisha akanigeukia, maji yakimtiririka. "Baba Daudi, lile jeneza lako ndiyo kwanza linaanza kuwa chombo."

"Limezama, Bi Mwanahawa."

"Limezama wapi? Linakunywa! Mbao za chombo zikikauka zinasinyaa, mishono inafumuka. Zilaze majini, zitavimba, zitafunga zenyewe. Hata mjukuu wangu analijua hilo."

"Sasa mbona hamkutuambia?"

Akatazama chini. "Tulidhani ndiyo desturi yenu watu wa bara, kumwekea marehemu chombo chake, kisha kukirudisha majini. Nani aingilie msiba wa watu?"

Mvuvi mmoja nyuma akasema, "Mie nilidhani nanasi huanikwa."

Halafu mke wangu akacheka. Ndugu zangu, alicheka! Na kicheko kile kikageuka kilio, kilio chote alichokuwa amekibana. Akalia mapajani mwa Bi Mwanahawa mpaka maji yakapwa, nami nikalia kando yao, mbele ya watu, bila aibu.

Tuliiwekea mashua mawe ndani, tukaiacha ilale majini. Mke wangu alikwenda kuitazama kila siku, akirudi amelowa na macho mekundu, akaomba chakula mwenyewe. Ilipovimba tukaitoa maji. Mzee Haji, mume wa Bi Mwanahawa, akatuonyesha kuziba mishono iliyobaki kwa pamba na mafuta. Ndiye pia aliyetufundisha kusafiri. Mimi nilitaka nichore upepo mchangani kwanza, nielewe. "Baba Daudi, tanga si pampu!" alinifokea. "Legeza kamba!" Mke wangu hakuchora chochote. Aligeuza shavu, akausikia upepo. Usukani akapewa yeye.

Sikusimama hapa kuwaambia kwamba Bwana ameniondolea huzuni. Hajaiondoa. Tukiwa majini, pale mbele hakai mtu, na kuna siku namwona mke wangu akipatazama mpaka Mzee Haji anamkumbusha njia. Bwana alichoniokoa nacho ni ule ukavu. Nilikuwa nimejifunika turubai, nikadhani ninatunza kitu.

Mashua bado inavuja kidogo, kama vyombo vyote. Mimi hukaa na kopo, nikayatoa maji, tukaendelea. Amerudi kwaya, mmemsikia leo.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Mwanahawa, ambaye leo amekubali kukaa pale mlangoni anisikilize. Na wewe uliyekaa nyuma, kwenye benchi lile lile langu, unayefumbua mdomo tu: mwamini Bwana na hayo machozi yako. Usiogope kuzama mbele zake. Yeye yumo majini na wewe, na sisi tutakusubiri ufukoni.