Uvimbe wa Chaji

Benchi la kijiweni lilikuwa mali ya Randa, seremala. Alilipigilia misumari mwenyewe mbele ya karakana yake, hivyo akajipa haki ya kununa juu yake. Asubuhi hiyo alinuna hasa. Chaji, fundi simu, alikuwa na siku ya pili wodini, bakteria kwenye damu, na nesi wa wodi hiyo ni mke wa Randa. Chaji huyo huyo ndiye aliyewahi kumposa yule mwanamke kabla Randa hajatokea. Kwa wivu Randa aliiacha kahawa yake ipoe.

— Figo zimegoma, alisema Soli, mshona viatu. Na daktari kasema si wadudu peke yao. Kinga ya mwili imekuja na hasira, inawapiga wadudu na figo inazipiga.

— Hakuna wa kuwaambia hao askari wa mwili watulie? aliuliza Wembe, kinyozi.

— Yupo. Mwili unatuma ujumbe wa kutuliza. Ukichelewa, viungo vinaungua. Ukiwahi mno, askari wanalala, wadudu wanajitanua.

— Ndiyo maana mimi sikasiriki. Natunza figo.

— Wewe juzi ulimfukuza mteja kanyolewa nusu kichwa.

— Nilikuwa namtumia ujumbe wa kutuliza.

— Na mkono wa Chaji anaushika nani saa hizi? Randa alidakia.

— Nesi, bwana. Si ndiyo kazi yake?

— Kutwa nzima?

Wiki iliyopita Chaji alichomwa na waya, mkono ukavimba, akaaga anakwenda hospitali. Akilini Randa aliviona vidole vya mkewe vikimfunga bendeji. Haraka akampa vidonge vyake vya mgongo, vya kushusha uvimbe, ili asiende. Mkono ukanywea kweli, Chaji akaendelea na simu zake huku wadudu wakitembea kimya kimya.

Dada yake Chaji alifika akihema.

— Kaka zangu, daktari anauliza, mgonjwa alimeza dawa gani za uvimbe, na ngapi? Mwenyewe hajitambui.



Randa angeweza kunyamaza. Akisema, mkewe atajua, na atajua sababu.

— Nilimpa mimi. Vinne kwa siku, siku tatu.

— Basi beba boksi lake, ukamweleze wifi, mkeo. Ndiye anayeandika taarifa za mgonjwa.

Siku mbili nzima Randa alikuwa anatafuta kisingizio cha kuingia wodi ile. Sasa amekipata, na bado amelikalia benchi lake.